Shilingi 50 ya mzee na elfu 50 yako, ipi kubwa?

Swali: "Mtaalamu shikamoo. Mi nipo Igoma hapa Mwanza, nafanya kazi gereji. Kila mwezi namtumia mzee elfu 50 kijijini Magu. Juzi akaniambia yeye alivyoanza kazi hapa mjini mwaka 1974 alikuwa anampelekea bibi shilingi 50 kila mwezi, na akaendelea na hiyohiyo 50 miaka kumi, na kwamba ile 50 yake ilikuwa kubwa kuliko elfu 50 yangu. Mama akadakia, zamani gani hiyo ya raha wakati tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Nani mkweli hapo? Na ni kweli vitu sasa hivi ni ghali kuliko zamani?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumkumbuka mzee kila mwezi maana wapo wanaokumbuka mpaka wapigiwe simu ya msiba.

Nianze na jibu kabisa halafu ndo nieleze. Mzee kasema kweli, na mama kasema kweli pia, ila kila mmoja ana miaka yake kichwani na wote wawili wanaiita "zamani". Hapo ndo familia nyingi zinabishana mpaka usiku bila sababu. 1974 na 1984 katikati kuna miaka kumi tu lakini kwa mfuko wa mfanyakazi ni kama nchi mbili. Mi nimezunguka masoko ya hapa miaka mingi na daftari na mzani mdogo nikikusanya bei, Soko Kuu, Kirumba, Mwaloni, mpaka hukohuko Igoma kwako, na nakwambia bei peke yake haisemi kitu mpaka ujue anayenunua anaingiza shilingi ngapi kwa siku, na hicho kitu chenyewe kipo au hakipo.

Basi tuchukue hiyo 50 ya mzee tuipime vizuri. Mwaka 1974 kima cha chini cha mshahara mjini kilipandishwa kikawa shilingi 340 kwa mwezi. Gawa kwa siku 30 unapata shilingi 11 na senti kidogo kwa siku. Kwa hiyo mzee akimpelekea bibi 50 alikuwa anatoa jasho la siku nne na nusu. Siyo hela ndogo hata kidogo. Kumbuka wakati huo noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya 100, yaani bibi alikuwa anashika nusu ya noti kubwa kuliko zote.

Njoo sasa kwako. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali kilipandishwa kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025. Kwa siku ni kama 16,700. Elfu 50 yako kwa mtu wa mshahara huo ni siku tatu tu. Kwa kipimo hiki mzee kashinda, ili ufikie siku zake nne na nusu ungetakiwa utume kama elfu 73 au 75 hivi.

Kuna njia nyingine ya kupima, ya dola, watu wengi wanaipenda ila wanaifanya nusunusu. Mwaka 1974 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, kwa hiyo 50 ilikuwa dola 7. Elfu 50 yako leo kwa dola ya kama 2,500 ni dola 20. Mtu anaishia hapo anasema aah, mtoto anatuma mara tatu ya baba. Hapana, maana dola nayo imeliwa, dola 7 za mwaka 1974 zilikuwa zinanunua vitu ambavyo leo Marekani kwenyewe vinataka kama dola 45. Ukiirudisha hiyo kwenye shilingi unapata kama laki na elfu kumi. Kwa hiyo hata kwa dola mzee kashinda, tena kwa mbali zaidi.

Ila sasa alisema kitu kingine ambacho nadhani hakukiona, kwamba aliendelea na hiyohiyo 50 miaka kumi. Hapo ndo penye habari yenyewe.

Katikati ya hiyo miaka kumi mambo yalituangukia mfululizo. Mafuta yalipanda duniani 1973 na 1974, ukame ukaingia, 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, 1978 tukaingia vita na Amin na sisi wa huku Kanda ya Ziwa ndo tulikuwa mlangoni kabisa mwa ile vita, halafu 1979 mafuta yakapanda tena. Kuanzia 1980 bei zilikuwa zinapanda kama asilimia 30 kila mwaka. Watu wanasikia asilimia 30 wanaona ni namba tu lakini fikiria hivi, kitu kikipanda asilimia 30 kila mwaka, ndani ya miaka mitatu bei imeshakuwa mara mbili na ushee. Siku hizi mfumuko wetu ni asilimia 3 na kidogo, na kwa kasi hiyo bei inataka zaidi ya miaka 20 ndo iwe mara mbili. Mama yako ameishi kwenye ile ya kwanza, wewe umekulia zaidi kwenye hii ya pili, ingawa na sisi mwishoni mwa 2011 tulionja karibu asilimia 20, wenye maduka wanakumbuka.

Kuanzia 1974 mpaka 1984 bei kwa ujumla zilipanda zaidi ya mara tano, wakati kima cha chini kilitoka 340 kikafika 810 tu, haifiki hata mara mbili na nusu. Kwa hiyo mfanyakazi alikuwa anaongezewa mshahara na bado anazidi kuwa maskini.

Angalia sembe. Serikali ilikuwa inabeba sehemu ya bei ya unga, mjini kilo ya sembe bei ya serikali ikawa 2.50. Mwaka 1984 ruzuku ikaondolewa na kilo ikaruka kwenda shilingi 8. Sasa rudi kwenye 50 ya bibi. Kwa 2.50 ilikuwa inanunua kilo 20, ukiupata huo unga lakini. Kwa shilingi 8 inanunua kilo 6 na robo. Noti zilezile, mkono uleule, bibi yuleyule. Na kwa mshahara wa 810 ile 50 sasa ilikuwa haifiki hata jasho la siku mbili. Wewe elfu 50 yako tukichukulia kilo ya sembe 1,500 inanunua kilo 33. Kwa hiyo jibu kamili la swali lako la kwanza ni hili, elfu 50 yako kwa siku za kazi na kwa dola ni ndogo kuliko 50 ya mwaka 1974, na ni kubwa mara tano kwa unga kuliko 50 ya mwaka 1984. Mzee anaikumbuka ile ya kwanza kwa sababu ndo ilikuwa hela yake ya kwanza kazini, na hela ya kwanza mtu haisahau.

Tuje kwa mama sasa, maana yeye namuelewa zaidi.

Shida ya miaka ile wala haikuwa bei. Kwa bei ya serikali vitu vilikuwa rahisi sana, ukiangalia karatasi ya bei elekezi ya wakati ule unaweza kulia. Shida ni kwamba dukani kulikuwa na rafu tupu. Unafika duka la RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa ya serikali, au duka la kaya, kuna majani ya chai na kiberiti, sukari mpaka gari lije, na gari likija habari inatembea mtaani kama moto na mama anamwacha mtoto kwa jirani anakimbia kupanga foleni, wengine walikuwa wanaweka jiwe au ndala kwenye mstari kushika nafasi. Sabuni hakuna, watu wakafua kwa majani ya mpapai. Huo siyo utani, muulize mama atakuonyesha walivyokuwa wanayasugua mpaka yanatoa povu la kijani. Tukala na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na watoto walikuwa hawautaki. Na sisi wa ziwani tulikuwa na njia yetu, usiku mitumbwi inaleta sabuni na khanga kutoka upande wa pili, magendo, na bei yake haikuwa ile ya serikali hata kidogo, ilikuwa ya mlanguzi. Halafu 1983 ikaja ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, wenye vitu wakavificha zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia sukari mwaka fulani ilikuwa shilingi kadhaa, muulize swali moja tu, "ulikuwa unaipata siku hiyohiyo ukiitaka?" Kama ulikaa foleni masaa manne, hayo masaa manne ni sehemu ya bei, na kama uliikosa ukaenda kwa mlanguzi basi bei yako ni ya mlanguzi. Vitabu vya takwimu vya wakati ule vina bei ya serikali, tumbo la mama yako lina ile nyingine. Tulionjeshwa kidogo mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilisimamisha viwanda vya sukari, kukawa na bei elekezi na dukani kilo inauzwa zaidi ya elfu nne. Ilikuwa miezi michache tu na watu walilalamika sana, wakina mama yako waliishi hivyo miaka.

Afu 1984 vitu vikaanza kuruhusiwa kuingia, na 1986 shilingi ikashushwa thamani, mwanzoni mwa mwaka dola ilikuwa kama 17 mwisho wa mwaka imevuka 50. Maduka yakajaa. Bei nazo zikapaa. Ndo maana kuna watu wanaipenda miaka ya Ruksa, ya Rais Mwinyi, kuliko kitu chochote na kuna wengine wanaona ndo mwanzo wa ugumu, inategemea kama wewe ulikuwa na biashara au mshahara.

Swali lako la pili sasa, vitu ni ghali kuliko zamani au la. Ukipima kwa siku za kazi kuna vitu vimeshuka sana na hatusemi. Nguo. Zamani nguo ya dukani mfanyakazi alikuwa anaipangia miezi, mitumba ilikuwa imekatazwa, sasa hivi nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja unavaa mwili mzima kwa kipato cha siku moja au mbili. Redio, saa ya mkononi, ndala, beseni, vyote hivyo. Simu ndo usiseme, miaka hiyo kumpigia ndugu aliyeko Dar ulikuwa unaenda posta unasubiri uunganishiwe. Na hata nauli, jina daladala linasemekana limetokana na dala, ile shilingi 5 waliyokuwa wanatoza mabasi madogo ya Dar mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati kima cha chini kilikuwa 600 kwa mwezi yaani 20 kwa siku. Kwenda na kurudi 10, nusu ya siku! Leo nauli ya chini ni 600, kwenda na kurudi 1,200, na kwa mtu wa 16,700 kwa siku hiyo haifiki hata sehemu ya kumi.

Vilivyopanda kweli vipo, na hapa Mwanza kinachoniuma zaidi ni samaki.

Bibi yako Magu pale karibu na ziwa nina hakika hakuwa anatumia ile 50 kununua samaki. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wanaletwa na mtoto wa jirani kwenye sufuria, hata hela hupewi nafasi ya kutoa. Ile 50 ilienda kwenye chumvi, sukari, mafuta ya taa, sabuni na kitambaa. Kitoweo kilikuwa ziwani. Halafu sangara, ambaye alipandikizwa ziwani tangu miaka ya 50 na 60, akazaana sana kwenye miaka ya 80 na furu wakapotea, aina nyingine hazijaonekana tena mpaka leo. Mwanzoni watu walimkataa sangara, ana mafuta mengi, hakaushiki vizuri juani kama furu, na alikuwa bei ya chini sana. Kwenye miaka ya 90 mwanzoni vikaja viwanda vya minofu hapa mjini, sangara akaanza kusafiri kwenda Ulaya, na kuanzia hapo bei yake haikuwekwa tena na mama wa Kirumba wala mvuvi wa Ukerewe, iliwekwa na mtu wa mbali anayelipa kwa fedha za kigeni. Mwenyeji akabaki na mapanki. Nimesimama mara nyingi pale mapanki yanaposhushwa, lile fremu la mifupa, kichwa na mkia, nyama imekwanguliwa mpaka unaona mwanga katikati ya miiba, yanakaangwa kwa mafuta yanayotoka kwenye vichwa vyao wenyewe, na kina mama wanachagua lenye kichwa kikubwa maana shavuni ndo kumebaki nyama. Watu wa ziwani wanachagua mifupa.

Na ule mkono wa mbali ukitikisika huku tunaanguka. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa letu kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa sumu, na bei mwaloni ikaporomoka wavuvi wakabaki na samaki mikononi. Siku hizi kuna na bondo, lile puto la ndani ya samaki, zamani tulikuwa tunalitupa au kuwapa watoto, sasa kilo ya mabondo makavu ni laki kadhaa kwa sababu yanatakiwa China. Sangara mwenyewe anathaminiwa kwa kitu ambacho sisi hatukili. Kwa hiyo mzee akisema samaki walikuwa rahisi usibishane naye, hapo hata ukipima kwa siku za kazi, kwa dola, kwa kilo za unga, kwa chochote, samaki wetu amepanda kuliko kipato chetu. Mkaa vilevile, kodi ya chumba, na kiwanja ndo kabisa.

Kuna na kupanda kwa kimyakimya ambako mzani ndo unakuona. Miaka niliyokuwa nakusanya bei tulikuwa hatuandiki tu "fungu la nyanya 1,000", tunanunua lile fungu tunalipima. Kuna mama mmoja pale Kirumba nilikuwa nanunua kwake kila mwezi, anapanga nyanya chini tatu au nne, juu moja, piramidi nzuri. Bei haikubadilika karibu mwaka mzima, ila mzani ulikuwa unashuka, mwezi huu nyanya ya chini imekuwa ndogo, mwezi ujao zimebaki tatu na juu moja. Nikamuuliza mama hizi si zimepungua, akaniambia baba nikipandisha bei wanakwenda kwa mwenzangu, nikipunguza moja hawaoni. Ukienda kwa macho unasema nyanya hazijapanda. Sado nayo hivyohivyo, kile kindoo cha rangi, kuna waliokipasha moto chini kikaingia ndani kikawa kinabeba pungufu. Kwa hiyo hata kwenye kulinganisha zamani na sasa uliza na kipimo, usiulize bei tu.

Na kuna kitu kingine mzee hakukihesabu. Kwenye miaka yake ya mwanzo shule na hospitali ya serikali hakuwa analipia, kuchangia hospitali kumekuja 1993. Ile 340 yake ilikuwa inaanzia kwenye chakula. Yako inaanzia kwenye kodi, dawa, michango ya shule, bando. Ndo maana mtu anaweza kuwa na nguo nyingi kuliko baba yake, simu, redio, na bado akahisi hana hela, na wala hadanganyi.

Sasa nikurudishe kwenye elfu 50 yako maana naona ndo iliyokuuma. Nimekupima kwa mshahara wa serikali na huenda siyo haki. Sekta binafsi wastani wa kima cha chini kipya cha kuanzia Januari 2026 ni kama 358,000, kwa siku ni elfu 12 hivi. Kama gereji unaingiza kiasi hicho basi elfu 50 ni siku nne na ushee, karibu sawa kabisa na siku nne na nusu za mzee. Yaani kwa anayetoa mnajinyima sawasawa, ila kwa anayepokea hela ya mzee ya 1974 ilikuwa inafika mbali zaidi. Mwambie hivyo, kwa heshima, na umwekee na hesabu ya 1984 pembeni, ile ya kilo sita za sembe, naamini atacheka maana anaikumbuka.

Na kama huwezi kuongeza hela ongeza akili kwenye kununua. Usitume hela yote, nunua dagaa mwenyewe pale Mwaloni wakati wa giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika na bei inapanda, mbalamwezi ikiisha dagaa wanajaa na bei inashuka. Nunua wakati huo, waliokauka vizuri wasio na mchanga, sado mbili tatu, weka na miche ya sabuni, tuma kwa gari la Magu. Sabuni mpe mama.